Nimetoa albamu yangu ya kwanza nikiwa na miaka 52, hapa hapa Dodoma. Uzi mrefu, kaa mkao

#1 (mleta mada)

Mbukwenyi wana jukwaa.

Wiki iliyopita kuna dogo wa miaka 27 alileta uzi humu anauliza kama kachelewa kuingia kwenye gemu la muziki, wachangiaji wakamwambia kachelewa akatafute ufundi wa kushika. Nilisomea ofisini nikacheka mpaka mwalimu mwenzangu akageuka kuniangalia. Nikasema ngoja na mimi nilete yangu, sio kwa kumfundisha mtu, ila kuna mambo yamenigharimu hela na mwingine anaweza akayakwepa.

Nimezaliwa 1973, mwaka ule ule TANU walipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Serikali yenyewe imekuja kuhama kweli kweli kuanzia 2016. Kwa hiyo wakiniuliza mbona umechelewa nawajibu mimi na mji wangu tumekwenda sawa tu, na mji ulikuwa na bajeti.

Nimekulia Mvumi. Mama alikuwa mpiga muheme. Kwa wasiojua, muheme kwetu Wagogo ni ngoma ya kina mama, ngoma yenyewe ina kiuno katikati kama cha nyigu, unaibana mapajani unapiga kwa mikono huku umesimama. Baba yeye mtu wa kanisa, kwaya asubuhi kwaya jioni. Kwa hiyo nyumba moja ina muziki wa aina mbili na haielewani, mama akiimba uani baba anafunga dirisha.

Mimi nikaenda kwaya kama watoto wote. Nikiwa darasa la sita mwalimu wa kwaya akasimamisha mazoezi, akanipigia noti kwenye kinanda, akaniambia imba, nikaimba. Akasema "inashuka". Akapiga tena. "Inashuka." Watoto wakacheka. Akanipeleka mstari wa nyuma akaniambia niwe nafuata wenzangu, nisipaze.

Sasa mtu akikuambia hivo una miaka 12 unaamini, tena unaamini muda mrefu sana. Nimeimba mstari wa nyuma miaka zaidi ya 25, sipazi.

Ila nyumbani nilikuwa natunga. Nina kaunta buku tatu, ya kwanza imeanza 1994 nikiwa chuo cha ualimu. Sio nyimbo za mapenzi kivile. Kuna wimbo wa barua ya uhamisho (walimu mtanielewa), kuna wa foleni ya maji, kuna wa simu iliyoachwa kibandani inachajiwa ikapigwa na mwenyewe hayupo. Gitaa nilinunua la mtumba lina nyuzi nne, mbili nikaja kuziongeza baadae sana.

Sasa kilichonitoa. Mwaka juzi mkuu wetu wa shule alistaafu, kwenye sherehe wakanisukuma niimbe, nikaimba ule wa barua ya uhamisho, watu wakalia na kucheka. Mwanafunzi mmoja akarekodi kwa simu. Baada ya kama miezi mitano ile video ikanirudia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi la shule NYINGINE kabisa, na chini yake wameandika: "Wimbo wa asili. Mtunzi hajulikani."

Jamani. Nipo hai, nimekaa kwenye kochi, nakunywa chai, sijulikani.

Hapo ndo nikasema hapana. Naendelea chini, ngoja nimalize kusahihisha madaftari.

#2

Mkuu umeanza vizuri, siti ya mbele nimeshakaa. Usije ukaishia njiani kama wengine

#3

Kaka hongera ila miaka 52 muziki wa bongo fleva utashindana na nani? Hawa wa 2004 wanatoa nyimbo tatu kwa mwezi

#4 (mleta mada)

#3 mimi sio kaka, mimi ni mama mwenye wajukuu wawili. Na wala sishindani na wa 2004, nimewafundisha kusoma.

#5

Hahahaha #3 kanyooshwa. Shikamoo mama, tuletee muendelezo

#6 (mleta mada)

Marahaba. Naendelea.

Studio ya kwanza ilikuwa mjini hapa, siitaji na msinilazimishe kuitaja. Niliingia na laki sita, hela ya kikoba, makubaliano nyimbo nne. Makubaliano ya mdomo! Mimi mwalimu, namwambia mtoto kila siku andika, halafu laki sita naitoa kwa mdomo. Prodyuza kijana mchangamfu, ananiita mamaa, soda nimeletewa. Nikaimba na gitaa langu, akasema safi mamaa nenda kapumzike.

Baada ya wiki mbili ananiita nisikilize. Kaweka biti. Ngoma zinapiga kama za harusi ya saa nane usiku, na sauti yangu kaipitisha kwenye ule mtambo wa kunyoosha sauti mpaka nimekuwa kama tangazo la benki. Wimbo wa foleni ya maji ule, mtu kaamka saa tisa usiku na ndoo, sasa unachezeka! Nikamwambia mwanangu hii sio sauti yangu. Akanijibu kwa upole kabisa, "mamaa sauti yako ilikuwa inashuka nikakupandishia."

Inashuka. Yale yale ya darasa la sita.

Sikugomba. Niliomba anipe zile sauti mbichi niondoke nazo, akasema projekti huwa hawatoi. Nikarudi wiki ijayo nikaambiwa laptopu imeibwa. Sijui kama kweli iliibwa, nilimuombea mwizi wake asizisikilize. Laki sita imekwenda, na kwenye kikoba nadaiwa.

Mzee wangu nyumbani hakunisema sana, aliuliza tu "hiyo albamu inaliwa?" akaendelea na mlenda wake.

#7

Pole sana mama. Ila tuwe wakweli, bila kunyoosha sauti siku hizi nyimbo haipenyi redioni. Mimi nafanya hizi kazi, msanii akija anashuka unamfanyaje? Prodyuza wako alikuwa anakusaidia

#8

#7 prodyuza anasaidia kwa kugoma kutoa projekti? Chai hiyo

#9

Kwenye suala la umri watu wanasahau historia. Siti binti Saad kazaliwa 1880, alikuwa anauza vyungu, kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri ni 1928. Piga hesabu, 48. Na ndo mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuingia kwenye santuri. Nje huko Cesária Évora wa Cape Verde albamu yake ya kwanza 1988 akiwa na 47, Charles Bradley wa Marekani kapikia watu na kuigiza kuimba kama James Brown miaka na miaka, albamu yake imetoka 2011 ana 62. Bi Kidude wa Zanzibar tuzo ya WOMEX (yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia) kapewa 2005, kibibi kabisa

#10

#9 hao ni wanne kati ya wangapi? Waliochelewa wakafeli hamuwaoni maana hawana uzi

#11 (mleta mada)

#10 una pointi na sitakubishia. Ila Siti hakuchelewa, santuri ndo zilimchelewa. Wakati wangu mimi nikiwa binti ukitaka kurekodi ni Radio Tanzania kule Dar, bendi zinapanga foleni, au uvuke Nairobi. Redio binafsi zimeanza kusikika 94. Binti wa Mvumi ana gitaa la nyuzi nne angeanzia wapi? Kwa hiyo sehemu ya hii miaka sio yangu.

Sehemu nyingine ni yangu, ndo nataka kuielezea sasa hivi. #7 naomba usome hii vizuri maana nimekuandikia wewe.

Baada ya ile hasara nilikaa karibu mwaka mzima sijafanya kitu. Mjomba wangu upande wa mama yuko Chamwino, anapiga ilimba. Ilimba ni lile sanduku la mbao lenye vyuma vingi vya kubonyeza kwa vidole gumba, marehemu Hukwe Zawose ndo alilizungusha dunia nzima, na yule ni mtu wa hapa hapa Dodoma kabla ya kuhamia Bagamoyo. Wanaofika tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino Ikulu wanalijua vizuri. Basi nilikwenda msiba huko, usiku mjomba akapiga kidogo, nikaimba juu yake ule wimbo wa simu. Na mara ya kwanza kwenye maisha yangu nikasikia sauti yangu haigombani na kitu. Nilishtuka mpaka nikakosea maneno.

Pale msibani kulikuwa na kijana, mtoto wa jirani, kasomea mambo ya sauti, ana kachumba Nkuhungu anarekodi kwaya na matangazo. Akanifuata asubuhi akaniuliza, mama wewe umefundishwa na nani kuimba hivo? Nikamwambia sijafundishwa, inashuka tu.

Wiki iliyofuata akaniita kwake na ilimba. Akafungua tuna kwenye simu, ile programu ya kupimia noti, akabonyeza chuma kimoja cha ilimba. Mshale ukasimama kushoto, chini ya noti. Akaniambia nenda nje kanywe maji urudi. Nimerudi kaficha ilimba, akaniambia imba kile kipande cha "haipokelewi". Nikaimba. Mshale ukasimama pale pale kushoto. PALE PALE.

Akanichorea kwenye karatasi. Kwamba kwenye kinanda kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani yake wanahesabu senti 100 (sio za hela). Sasa uzi wa zeze au filimbi vina noti zake zenyewe za asili ukivigawanya mara mbili, mara tatu, mara nne, hadi huko juu. Ile ya saba inaangukia senti 31 chini ya pale kinanda kinapotaka. Ile ya tano senti 14 chini. Na muziki wa Wagogo umejengwa juu ya noti hizo za asili, ilimba zinatuniwa hivo na kina mama wanaimba hivo. Mama yangu alikuwa anaimba hivo akinibeba mgongoni.

Kwa hiyo ndugu zangu sikuwa nashuka. Nilikuwa nimefika. Kinanda ndo kilikuwa kinasubiria senti 31 mbele huko.

Nilikaa kwenye ndoo pale chumbani kwa yule kijana sina neno. Miaka 40 hivi nabeba senti 31.

#12

Aisee. Nimesoma hii mara mbili

#13

Hii kitu ya noti ya saba ni kweli kabisa wakuu, hata tarumbeta ina noti hiyo na wapigaji wa okestra wanaikwepa kwa sababu inasikika chini. Sio Wagogo tu, ni fizikia. Mama kijana wako anajua kazi

#7

Mama nimesoma. Sina la kubisha. Ila gitaa je? Gitaa lina vyuma vyake shingoni, senti 31 utaipataje?

#14 (mleta mada)

#7 swali zuri, sasa tunaongea. Haipatikani. Tulihangaika siku tatu. Ukiliweka gitaa na ilimba pamoja kuna noti moja zinang'atana, unasikia kama meno kwenye sufuria. Kijana akapendekeza gitaa liache noti ile kabisa. Yaani napiga kodi zangu ila ile noti siigusi, naiachia ilimba na sauti. Nyimbo mbili ikabidi nijifunze upya mkono wa kushoto, vidole vya miaka 52 vinauma nyie. Nyimbo zikabaki na matundu. Nikamwambia sasa mbona pako wazi, akasema mama utapaingia wewe. Na kweli.

Sasa kurekodi. Nilifikiri studio ni kuingia tu na kuimba. Kile chumba ni cha mabati, na Dodoma hii mnaijua mwezi wa sita wa saba, upepo. Mchana bati linapiga kelele kama mtu anatupa kokoto, bodaboda zinapita, jirani ana mashine ya kusaga. Jua likizama ndo mbaya zaidi, mabati yakianza kupoa yanalia ta... ta... ta... bila mpangilio, huwezi hata kuyafuata kwa ngoma. Kwa hiyo tunaanza saa nne usiku mpaka saa nane. Ukutani kaning'iniza magodoro na mablanketi. Nilimuuliza mbona hujabandika trei za mayai kama studio zingine, akasema trei ya mayai inazuia mayai.

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye daladala naenda kazini, saa moja na nusu nasimamia usafi. Wiki tatu hivo.

Na hapa kuna mkasa lazima niwape. Ilimba ina tundu dogo mbele, na lile tundu linazibwa na utando wa buibui. Sio ule wa kunasia nzi, ni kile kikaratasi cheupe anachofunikia mayai yake, kinabandikwa pale, ndo kinaipa ilimba ule mvumo wa zzz chini ya noti. Bila huo mvumo ilimba inasikika kavu kama imekatwa ulimi. Basi usiku wa wimbo wa nne, mjomba katoka Chamwino kwa nauli yangu, kakaa tayari, maikrofoni iko wazi, anabonyeza, kavu. Utando umechanika, vumbi na safari.

Saa tano usiku. Mimi, mjomba wa miaka 70 na kitu, na prodyuza, tuko nje na tochi za simu tunatafuta buibui. Tumezunguka stoo, tumezunguka choo, mke wa mwenye nyumba akafungua dirisha akauliza mnatafuta nini, mjomba akamjibu "studio". Tukapata nyuma ya mlango wa choo, mjomba akaubandua kwa kijiti taratibu kama anatoa boriti kwenye jicho, akaulowesha kwa mate, akaubandika. Akabonyeza. Zzzz.

Huo wimbo wa nne tumeuchukua mara moja tu, haukurudiwa. Mwanzoni kabisa ukiweka hedifoni unamsikia mjomba anapumua, bado amechoka kutafuta buibui. Kijana alitaka kukikata hicho kipande, nikamkatalia.

#15

"Trei ya mayai inazuia mayai" 😂😂 nimeondoka nayo

#16

Mama hela ulipata wapi mara ya pili? Maana wengi tunakwamia hapo

#17 (mleta mada)

#16 zabibu. Mzee ana ekari moja na nusu Mpunguzi, na zabibu Dodoma tunavuna mara mbili, mwanzo wa mwaka na huko mwezi wa nane wa tisa. Ya mwanzo wa mwaka huu nikamwomba. Alikaa kimya siku mbili halafu akanipa nusu, akasema nusu nyingine ni ya dawa ya ukungu. Kikoba nilishamalizana nao kidogo kidogo kwenye mshahara.

Na safari hii nimeandika karatasi. Ukurasa mmoja tu: nyimbo tisa, bei kwa kila wimbo, malipo awamu tatu, sauti mbichi zote napewa kwenye diski yangu, mjomba analipwa kwa usiku na jina lake linaandikwa, utunzi ni wangu, mpangilio wa ala nagawana na kijana kwa asilimia tulizokubaliana. Tukasaini na mashahidi. Yule kijana mwenyewe alifurahi, anasema kwaya zinamdhulumu na yeye.

Nyimbo mbili nilizotoa kwenye muheme wa mama sikuandika utunzi wangu. Nimeandika ni za jadi, mpangilio wangu, na wale kina mama wanne waliopiga walipwe sawa na mjomba. Nisingeweza kulalamikia "mtunzi hajulikani" halafu na mimi nikawafanyia wao.

Kwenye makaratasi ya serikali nitapita haraka. BASATA (baraza la sanaa) nimejisajili kama msanii, COSOTA (wale wa hakimiliki) nimesajili kazi. Hakimiliki unayo tangu umetunga, sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 ukishakufa, ila siku ya kubishana cheti ndo kinaongea, mdomo hauongei. Muulize aliyetoa laki sita.

Kupandisha mtandaoni kijana alifanya kupitia kampuni ya kusambaza, zipo za kulipia ada ya mwaka na zipo zinazokata asilimia. Angalia hili: ya ada ya mwaka ukiacha kulipa nyingine wanashusha nyimbo zako. Kwa mtu wa umri wangu nikachagua asilimia, sitaki nikishaondoka wajukuu waanze kulipia bibi yao kila mwaka kama king'amuzi.

#18

Namba zikoje mama? Tuwe wakweli

#19 (mleta mada)

Tuwe wakweli. Wiki sita sasa. Wimbo unaoongoza ni ule wa simu, kule Spotify umesikilizwa mara 412. Tangu 2024 Spotify wimbo usipofika mara 1,000 ndani ya miezi 12 haukulipi hata senti (hizi ni za hela sasa). Boomplay iko juu kidogo, ndo watu wa huku wanakotumia. Kwa ujumla mpaka leo sijapata hata nauli ya mjomba.

Kinachotembea ni flashi. Nilipita Majengo sokoni nikasikia wimbo wa barua ya uhamisho unatoka kibandani kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nikasimama. Nikamuuliza huu wimbo nani kaimba, akaangalia kwenye kompyuta akanitajia jina langu, sawasawa bila kukosea. Nikamuuliza bei, akasema nyimbo mia kwa shilingi elfu mbili, yangu imo kwenye fungu la "Asili Dodoma". Hajanilipa na hatanilipa, na nilikuwa na haki ya kuwaka pale. Nikanunua flashi.

Msinichambue kwa hilo, najua ni wizi, mchana mwingine nitakwenda kumwakia. Siku ile nilikuwa nimesikia jina langu.

#10

Mama mimi ndo niliyesema waliofeli hawana uzi. Laki sita + zabibu nusu msimu, mapato sifuri. Kibiashara hii ni hasara

#20 (mleta mada)

#10 kibiashara ni hasara, mwanangu, sikatai. Na mtu asikope kwa ajili ya albamu, mimi ile ya kwanza nilikopa na nililipa kwa mshahara bila kuona faida yoyote. Ya pili nilitumia hela ambayo ikipotea hatulali njaa. Kama huna ya namna hiyo, rekodi wimbo mmoja, sio tisa.

Na umri nao una bei yake, nisiwadanganye. Pumzi sio ile. Noti za juu nilizokuwa nazo nikiwa na miaka 30 hazipo, nyimbo tatu tumezishusha. Macho sioni maneno usiku bila miwani, na miwani ikigonga maikrofoni inaingia kwenye rekodi, sikilizeni wimbo wa saba mwishoni.

#21

Weka linki basi tusikilize na sisi

#22 (mleta mada)

#21 hapana. Humu ndani wanafunzi wangu wamo, na wazazi wao, na afisa elimu wangu simfahamu anatumia jina gani. Atakayenikuta Majengo atanikuta.

#23

Swali la mwisho mama, na nadhani wengi tunasubiri hili. Yule mwalimu wa kwaya yupo? Alisikia?

#24 (mleta mada)

Yupo. Ana miaka zaidi ya 80 sasa, yuko Mvumi, haoni vizuri ila masikio mazima. Nilikwenda jumamosi iliyopita na flashi na spika ndogo ya bluetooth. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za senti 31, ile karatasi ya kijana nimeikunja kwenye pochi. Nikafika nikamwamkia, tukakaa chini ya mbuyu, binti yake akaleta karanga, nikawasha wimbo wa nne, ule wa buibui.

Akasikiliza wote, kichwa kakiinamisha. Ulipoisha akanyamaza, akamenya karanga moja, akasema:

"Bado inashuka."

Nikaingiza mkono kwenye pochi nitoe karatasi yangu. Akanishika mkono, akasema subiri kwanza, urudishe pale mwanzo, huyo anayehema ni nani?

Nikamsimulia habari za choo na tochi na mjomba. Alicheka mpaka binti yake akaja kuangalia kama yuko sawa. Halafu akaomba uwekwe tena. Na tena. Spika ilikata chaji saa kumi na moja jioni, flashi akabaki nayo yeye, karatasi nimerudi nayo kwenye pochi sijaifungua.